Kitabu Namba Tatu katika Orodha ya Lazima

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mkuu wa Kitivo cha Elimu. Profesa wetu mstaafu, mzee wetu tuliyezoea kumwita Gwiji, shikamoo. Maprofesa na wahadhiri wenzangu. Mkutubi wetu na wenzako wote wa maktaba. Wanafunzi wa shahada ya uzamivu mliobanana kule nyuma kwa sababu viti vya mbele vimebandikwa vyeo. Mke wangu, na wanangu wawili mliokuja mkidhani baba anaagwa tu: habari za mchana.

Nimemtaja kila mmoja kwa nafasi yake, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Itifaki leo naomba izingatiwe kuliko siku zote, maana baada ya robo saa baadhi yenu mtatamani nisingewataja.

Mkuu wa Kitivo amenisifu hapa kwa maneno mazito. Amesema nimefundisha miaka thelathini na moja bila kukosa kipindi. Amesema wanafunzi mia mbili na kumi na wanne wa uzamivu wamepita mikononi mwangu, na yeye mwenyewe akiwamo. Halafu akasema jambo ambalo mlilipigia makofi marefu: kwamba mimi ndiye mlinzi wa orodha yetu ya vitabu vya lazima, ile karatasi yenye vitabu kumi na vinane ambayo kila anayetaka kuitwa daktari wa elimu katika chuo hiki sharti aisome yote. Mabibi na mabwana, mlinzi hupewa shukrani kwa kile alichokilinda. Naomba basi niwaeleze nililinda nini.

Wanafunzi wangu wa nyuma kule, kitabu namba tatu mnakijua. Jalada la kijani. Hakuna kati yenu asiyeujua ukurasa wa sitini na nne. Mnaukariri kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Mtafiti ameketi nyuma ya darasa la pili, katika shule ya msingi asiyoitaja. Mtoto mmoja mwenye sweta la rangi mbili anainamia daftari. Mwalimu, ambaye kitabu kinamwita Mwalimu B, anagonga dawati kwa rula mara tatu. Mtoto anashtuka, anainua uso. Mwalimu anamwekea kidole midomoni. Na mtafiti anaandika sentensi ambayo nyote mmewahi kuinukuu: "Hapo nilielewa kwamba katika chumba hiki mtoto hufundishwa somo moja tu, nalo ni kunyamaza."

Sentensi nzuri. Sijawahi kusema kwamba haikuandikwa vizuri. Imesomwa bungeni, imebandikwa kwenye kuta za vyuo vya ualimu, na imewafukuzisha watu kazi. Na kitabu kinasema katika utangulizi wake kwamba ni tunda la miaka miwili mizima ya kuketi darasani.

Sasa nisikilizeni.

Miaka ishirini na saba iliyopita mimi nilikuwa mhadhiri msaidizi na mwanafunzi wa uzamivu kwa wakati mmoja. Katika darasa letu tulikuwa saba, na mmoja wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, aliyekuja chuoni na mkoba wa ngozi uliokwisha kingo. Mimi nilimwita Dada Mwalimu. Wengine walimcheka kidogo, kwa sababu alikuwa akiandika kwa penseli na kufuta, akiandika na kufuta, kana kwamba karatasi zina uhaba. Lakini alisoma. Sisi tulisoma muhtasari wa vitabu, yeye alisoma vitabu. Kati ya vitabu vile kumi na vinane, wakati ule mimi nilikuwa nimemaliza vitano, na nawaomba mnisamehe wale niliowahi kuwaambia vinginevyo.

Kitabu namba tatu maktaba ilikuwa nacho nakala moja tu. Unakipata mezani kwa mkutubi kwa saa mbili, unakirudisha. Kwa hiyo mimi na yeye tukawa tunakisoma pamoja, bega kwa bega, yeye akifunua kurasa kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya kuruka. Tulipofika ukurasa wa sitini na nne, akacheka. Akacheka kabisa, mpaka mkutubi akagonga meza. Kisha akausoma tena, na kicheko kikaisha.

"Kaka," akaniambia, "huyu ni mimi."

Nikamwambia, "Dada, walimu wanaofanana ni wengi."

"Walimu wanaofanana ni wengi. Darasa lenye dirisha la vioo vyeupe na kimoja cha bluu ni langu. Hicho cha bluu nilikitia mimi mwenyewe baada ya mpira kuvunja kingine. Soma hapo juu." Akaniwekea kidole kwenye mstari. Kioo cha bluu kilikuwapo. "Na huyu mwenye sweta la rangi mbili," akasema, "huyu hasikii."

Sikuelewa.

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza jirani habari za nyumbani kwake. Darasani mwake kulikuwa na watoto wawili wasiosikia, mvulana huyo wa sweta na binti wa fundi viatu. Shule maalumu haikuwapo karibu, na wazazi hawakuwa na pa kuwapeleka. Akatafuta njia yake mwenyewe. Akawaketisha kwenye dawati refu la mbao, akawafundisha kuweka viganja juu yake. Akitaka wamtazame, anagonga mara tatu. Mbao inatetema, wanauhisi mtetemo mikononi, wanainua uso. Halafu anawawekea kidole midomoni, nao wanaweka chao midomoni mwake, ili waguse pumzi ya herufi. Pa. Ba. Ma. Kila moja ina upepo wake. Ilimchukua mwaka kugundua hilo, na mwaka wa pili wake mvulana yule alikuwa anasoma sentensi.

Ukimya ule aliousikia mtafiti? Darasa zima la watoto arobaini na wawili walikuwa wamejizuia kupiga kelele na kutikisa madawati, bila kuambiwa, ili viganja vya wenzao wawili vihisi mtetemo wa mwalimu peke yake. Watoto wa miaka minane! Nimefundisha watu wazima miaka thelathini na moja, na sijawahi kupata darasa lenye adabu ya namna hiyo.

"Na mtafiti hakukuuliza?" nikamwuliza.

"Aniulize lini? Alikaa siku mbili."

Ndugu zangu, kila shule ina kitabu cha wageni. Mgeni akifika anaandika tarehe, jina, anakotoka, sababu ya kufika, na saini. Dada Mwalimu alisafiri hadi shuleni kwake, akakitafuta kabatini, akatoa nakala za kurasa za miaka yote miwili. Jina la mtafiti limo mara mbili. Jumanne moja, na Jumatano yake. Kwenye safu ya sababu ya kufika, ameandika mwenyewe, kwa mwandiko ule mzuri tunaoufahamu sote: "Kusalimia."

Akaandika tasnifu. Hakuiandika kwa matusi. Sura ya kwanza hadi ya tatu ni jinsi ya kufundisha mtoto asiyesikia katika darasa la kawaida lisilo na kifaa chochote, na nawaambia kama mtu aliyezisoma tasnifu zaidi ya mia: sijaona ya kuifikia. Sura ya nne ndiyo ilieleza ukurasa wa sitini na nne. Aliombwa aiondoe. Mara tatu. Mara ya tatu nilitumwa mimi, tukiwa kwenye ngazi za jengo hili hili.

"Iondoe, Dada," nikamwambia. "Upate shahada yako kwanza, ukweli utausema baadaye."

Akanijibu, "Baadaye nitakuwa na cha kupoteza, kama wewe."

Siku ya utetezi ilifika. Jopo lilikuwa na watu watano upande wa pili wa meza, chupa za maji, sahani ya biskuti. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mwenye kitabu namba tatu. Ndiyo. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikuwa katibu; kazi yangu ilikuwa kuandika kila lililosemwa.

Naona mshereheshaji ananyanyuka. Kaa tu, ndugu yangu. Hotuba ya mstaafu haikatizwi, na kipaza sauti hiki kina uzima wa kutosha.

Dada Mwalimu aligawa nakala za kitabu cha wageni. Tano kwa watahini, ya sita kwa katibu. Mwenyekiti hakuigusa yake.

"Mama," akasema, "hapa ni mahali pa utafiti. Si mahali pa kulipiza kisasi."

"Profesa, sikuja kulipiza. Nimekuja kusahihisha, ni kazi niliyoizoea."

"Nani amekuambia kwamba wewe ndiye Mwalimu B?"

"Dawati, dirisha, mtoto, tarehe, na saini yako."

"Utambulisho wa Mwalimu B ni siri ya utafiti. Maadili hayaniruhusu kuthibitisha wala kukanusha."

"Aliyefichwa ni mimi. Basi mimi ninajifichua."

"Huwezi," akasema. "Siri hiyo si yako."

Wanafunzi wa uzamivu, nyinyi mnasoma somo la maadili ya utafiti, mihula miwili. Nalifundisha mimi. Niambieni, katika vitabu vyote mlivyolazimishwa kuvisoma, mmewahi kukuta mahali ambapo mtu aliyesingiziwa anaambiwa kwamba jina lake ni mali ya aliyemsingizia?

Alianza kueleza kuhusu mtetemo wa mbao. Akaweka kiganja chake mezani, akamwomba mtahini wa nje naye aweke. Mwenyekiti akatazama saa, akasema muda umekwisha. Saa yangu ilionyesha dakika thelathini na tano tangu tuanze. Utetezi kwa kanuni ni saa mbili.

Alipotoka nje, mwenyekiti akakusanya nakala zile tano, akazifunika kwa sahani ya biskuti. Akanigeukia. "Katibu, andika: mtahiniwa alishindwa kutofautisha hisia na ushahidi."

Nikasema, na hii ndiyo hatua pekee ya ushujaa niliyowahi kupiga maishani, nikasema, "Na kitabu cha wageni, Profesa?"

"Kitabu gani?" akaniuliza.

Nikaandika. Nina mwandiko unaosomeka, muhtasari ule mtaukuta katika faili za kitivo hadi leo. Neno "wageni" halimo. Nakala ya sita nikaitia mfukoni. Miezi minne baadaye tasnifu yangu ikapita bila sahihisho hata moja, na mwaka uliofuata nikakabidhiwa somo, na pamoja na somo, orodha.

Mzee wangu Gwiji, nakuona umeinamisha kichwa, na sijui kama unanisikia au kifaa cha sikio kimezimika. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika aya. Mama yangu alipolazwa, wewe ndiye uliyempigia simu daktari mkuu, na mama akaishi miaka sita zaidi. Sikuchukii, na laiti ningekuchukia, maana haya yangekuwa mepesi kusemwa. Ulikosea kwa siku mbili za uvivu. Mimi nimekosea kwa miaka ishirini na sita ya bidii. Kila mwaka niliingia darasani, nikafungua ukurasa wa sitini na nne, nikausoma kwa sauti nzuri. Mwaka mmoja mwanafunzi aliuliza, "Mwalimu, huyo mtoto alisema nini baada ya hapo?" Nikamjibu, "Swali zuri sana, tuendelee." Mwanafunzi huyo, Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, alikuwa wewe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi katika kitivo hiki. Hapa njia ya mwongo ina lami, ina taa, na mwisho wake kuna sherehe ya kukuaga.

Mnauliza, basi kilichonifungua mdomo ni nini? Si dhamiri. Dhamiri yangu ilikuwa imelala fofofo. Mwezi wa tatu niliombwa niandike dibaji ya toleo la nne la kitabu namba tatu, lizinduliwe siku hii ya leo. Nikaandika kurasa mbili za sifa. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na hana habari na nadharia zetu, akazisoma mezani huku akimenya chungwa. Akauliza kitu kimoja tu: "Huyu mwalimu mnayemsema kila mwaka, yu hai?"

Miaka ishirini na sita nimemsoma kwa sauti, na sikuwahi kujiuliza hilo.

Nikamtafuta. Yu hai. Anaishi na mdogo wake katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alipofungua mlango alinitambua mara moja. Hakuniita Kaka. Akasema, "Karibu, Katibu."

Nikakaa. Akaniletea maji. Akanisimulia bila kuinua sauti kwamba kitabu kilipowafikia wakaguzi, haikuwachukua muda kumjua Mwalimu B ni nani, ile siri ya utafiti ilikuwa siri kwake yeye tu. Miezi michache baada ya utetezi walimtoa darasani, wakampeleka stoo ya ofisi ya elimu kuhesabu madawati na maboksi ya chaki, na huko alikaa hadi kustaafu. Darasani hakuingia tena. Mbinu ya mbao na viganja ikapigwa marufuku shuleni pale kwa barua. Mwaka ule alikuwa na watoto wengine wanne wasiosikia. Mwalimu mpya alikuwa mpole, aliyefunzwa kwa kitabu namba tatu, hakugonga chochote. Alifundisha kwa sauti tamu akiwa amelipa darasa mgongo, anaandika ubaoni. Wale wanne walikaa wakiutazama mgongo wake mwaka mzima. Kisha mmoja mmoja wakabaki nyumbani.

"Na yule wa sweta?" nikauliza.

Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekwisha kujifunza kusoma kabla ya hayo yote. Sasa ni mtu mzima, ni seremala, anasoma vipimo na barua za wateja wake mwenyewe. "Tukikutana mtaani," akasema, "hugonga chochote kilicho karibu mara tatu. Mlango, gari la mtu, chochote. Mimi nageuka."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa, wenye aya tatu. Akaniacha nimalize.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Wakati unaandika ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Dada."

Akaichukua bilauri yangu, akaenda kuisuuza. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Hukunikosea hapa kwangu. Hapa kwangu hujawahi kufika. Hiyo kweli kaiseme kule ulikoikalia kimya, halafu nitafikiri kama samahani yako naitaka."

Nikamwalika leo. Nikamwambia atapata kiti cha mbele. Akacheka, akasema viti vya mbele vya chuo hiki vinamtia homa.

Basi nimeisema. Haya ndiyo niliyoyafanya kabla ya kusimama hapa. Dibaji nimeiondoa, mchapishaji ana barua yangu tangu Jumatatu. Leo asubuhi nimemkabidhi mkutubi nakala pekee iliyobaki ya tasnifu yake, aliyoniachia siku alipoondoka na ambayo imekaa kabatini kwangu chini ya bahasha za mitihani. Mkutubi ameipokea, ameigonga muhuri, ameipa namba. Na hii hapa, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ni nakala ya sita ya kitabu cha wageni, pamoja na muhtasari wa kikao nilioandika upya na kutia saini, safari hii bila kuacha neno. Nakukabidhi mbele ya watu ili isije ikawekewa sahani juu.

Siombi kitabu namba tatu kitolewe kwenye orodha. La. Kisomeni. Kila mtafiti mchanga akisome, kisha asome tasnifu ya Dada Mwalimu kando yake, siku hiyo hiyo, ili ajue umbali uliopo kati ya kuona na kuelewa, na gharama ya umbali huo inalipwa na mtoto gani. Ninachoomba ni kwamba jopo liitishwe upya. Ana miaka sitini na mitatu, macho yake ni mazima, na saa yake moja na dakika ishirini na tano za utetezi hajawahi kupewa.

Wanangu, mlikuja kuona baba anasifiwa, poleni. Mke wangu, asante kwa swali lako. Wenzangu, zawadi mliyoniandalia naiona pale mezani imefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nawashukuru kwa moyo wenu, lakini siwezi kuipokea leo, na msinibembeleze. Na makofi pia naomba mniwekee.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Kama ningesema haya miaka ishirini na sita iliyopita, leo hapa mngekuwa mnamsikiliza yeye.